"Sote Wanawake" Si Jibu: Chumba Chako Unaposafiri na Kundi



Kila kundi la wanawake linapopanga kwenda kulala nje ya nyumba, mambo mengi huulizwa mapema. Tunaondoka saa ngapi? Gari inachukua wangapi? Nani anapika? Mchango shilingi ngapi? Suala moja huachwa mpaka watu wamefika, mabegi yako barazani na mwenye nyumba ameshika funguo mkononi: nani analala na nani. Akitokea mtu akasita kidogo, husikia maneno yanayofunga mazungumzo yote: "Kwani vipi, si sote wanawake?"

Ni kweli, sote wanawake. Lakini maneno hayo hayajibu kitu. Maoni yangu ni kwamba kila mwanamke anayesafiri na kundi aulizwe kabla hajatoa pesa kama anataka kulala na mwenzake au peke yake. Apewe kitanda chake mwenyewe kwa vyovyote. Na asidaiwe sababu ya alichochagua. Wako watakaoona nakuza jambo dogo. Mimi naona ndilo linaloamua nani atakuja safari ijayo na nani atatafuta udhuru, na wengi wanaotafuta udhuru hawatakwambia kwa nini.

Nichukue mfano wa makundi ninayoyajua vizuri, ya kushona kofia. Anayeijua kofia ya viua anajua kwamba si kazi ya siku moja. Kitambaa kinachorwa, vijitundu vinatobolewa kimoja kimoja na kuzungushiwa uzi, na kofia moja iliyoshonwa kwa mkono inachukua wiki nyingi, mara nyingine miezi. Wengi wetu tunaishona kwa kuibia muda, sufuria likiwa jikoni na mtoto akivuta nguo. Ndiyo maana watu huchanga, wakaondoka mjini Ijumaa baada ya Sala, wakaenda Jambiani au Makunduchi, wakarudi Jumapili. Lengo ni kukaa na sindano bila ya kuitwa kila dakika, na kujifunza mkono wa mwenzako. Katika kundi moja utamkuta bi harusi anayemshonea mchumba kofia ya siku ya nikaha, mama wa watoto wanne, mwalimu mstaafu na mama mjane. Mchana sindano inawaweka pamoja. Usiku kila mmoja ana mwili wake, desturi zake na siri zake. Na aliyekesha kwa kutolala vizuri, asubuhi haoni hata tundu la sindano.

Kulala pamoja tunakujua

Sitaki mtu afikiri kwamba naona kulala pamoja ni jambo geni. Hapa kwetu tumelala pamoja tangu zamani. Kwenye msiba wanawake hutandika majamvi na mikeka sebuleni wakalala walivyo. Kwenye harusi jamaa wanatoka Pemba, Dar es Salaam na Mombasa, na nyumba ya vyumba vitatu inalaza watu ishirini. Waliosoma dahalia wanajua kitanda cha juu na cha chini. Na waliokwenda Hijja au Umra wanajua zaidi kuliko wote, kwa sababu bei ya safari hiyo mara nyingi hupangwa kwa idadi ya watu chumbani: wawili, watatu au wanne. Hujaji anarudi na habari za Al-Kaaba na habari za mwenzake wa chumbani kwa pamoja. Wengine wanarudi wakiwa ndugu wa maisha.

Lakini tuangalie kinachofanya huko kote watu walale kwa salama. Msibani hakuna anayevua. Watu wanalala na madira na kanga zao, wakubwa wapo, na kila mtu anajua ni usiku wa namna gani. Dahalia ina mlezi, ina saa ya kuzima taa na sheria zilizoandikwa. Hijja ina nia moja, na kiongozi wa msafara anatakiwa awe na orodha ya vyumba kabla ya kupanda ndege. Kote huko kuna utaratibu unaojulikana kabla.

Safari yetu ya kushona haina utaratibu hata mmoja kati ya hiyo. Mlango unafungwa. Ndani mna watu wawili ambao labda wamekutana mara tano tu. Simu mbili zinachaji. Na mara nyingi kitanda ni kimoja kikubwa chenye chandarua kimoja, kwa sababu nyumba nyingi za wageni zimetengenezwa kwa ajili ya mke na mume. Kuwaambia watu hao "sote wanawake" ni kuwaachia wao mzigo wa utaratibu ambao sisi tulioandaa safari hatukuufanya.

Dini imeshaizungumza faragha

Wako wanaodhani kwamba mipaka ya sitara ipo baina ya wanawake na wanaume tu, na wanawake wakiwa wenyewe kwa wenyewe basi mlango uko wazi. Sivyo tulivyofundishwa.

Katika Surat An-Nur, aya ya 58, Mwenyezi Mungu ametaja nyakati tatu ambazo hata watoto wadogo wa ndani ya nyumba wanatakiwa waombe ruhusa kabla ya kuingia: kabla ya Sala ya Alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya Sala ya Isha. Angalia vizuri nyakati hizo. Ndizo hasa nyakati ambazo wanawake wawili wasiozoeana huwa wamefungiwa chumba kimoja katika safari. Ikiwa mtoto wa nyumbani hapo anabisha hodi, mtu mzima mwenzako ana haki kubwa zaidi ya kuulizwa.

Pili, katika Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Abu Said al-Khudri kwamba Mtume, sala na amani zimshukie, amemkataza mwanamke kutazama uchi wa mwanamke mwenzake, na amekataza wanawake wawili kujifunika nguo moja. Katika madhehebu ya Shafii, wanayoyafuata wengi wetu visiwani, uchi wa mwanamke mbele ya Muislamu mwenzake ni baina ya kitovu na magoti. Huo ndio mpaka wa chini. Haya ya mtu inaweza kuwa juu ya hapo, na ana haki nayo. Kama katika kundi wamo wasiokuwa Waislamu, wanazuoni wamekhitilafiana mpaka wapi dada ajifunue mbele yao, na mwenye wasiwasi amuulize shehe wake kabla ya safari, asingoje usiku. Jambo la nguo moja halihitaji fatwa ndefu. Kila mtu awe na kitanda chake, na ikishindikana kabisa basi kila mtu awe na shuka lake. Watoto wetu tumeamrishwa kuwatenganisha malazi wanapofika miaka kumi. Iweje watu wazima tuwasukume kitanda kimoja ili tuokoe pesa kidogo?

Tatu, na hili ndilo linaloniumiza zaidi siku hizi. Katika Sahihi Bukhari kuna hadithi ya Ibn Masud inayomkataza mwanamke kumsimulia mumewe maumbile ya mwanamke mwenzake hata ikawa kama kwamba mume anamwona. Katazo hilo lilikuwa juu ya maneno matupu. Leo dada anapiga picha ya chumba "tumefika salama alhamdulillahi", anaiweka hewani, na nyuma yake kwenye kioo yupo mwenzake kichwa wazi anachana nywele. Hakukusudia ubaya. Lakini picha imeshaonekana na shemeji, na mpwa, na kila mwenye namba yake. Ikiwa kusimulia kumekatazwa, hiyo picha tuiite nini?

Anayetaka kulala peke yake haringi

Dada akisema anataka chumba chake, neno la kwanza kusemwa ni "anajiona". La pili ni "ana pesa huyo". Nitazitaja baadhi ya sababu ambazo wanawake hunong'onezana, na kila msomaji ataitambua moja au mbili.

Yuko anayekoroma na anajua kwamba anakoroma, kwa hiyo akilala na mtu hukaa macho kwa haya mpaka adhana. Yuko ambaye tangu uzazi wa mwisho mkojo unamponyoka usiku, na amekuja na plastiki ya kutandika chini ya shuka. Yuko ambaye nywele zimemtoka kwa maradhi, na kichwa chake hajakiona mtu ila mumewe. Yuko aliye katika siku zake, na hataki kueleza kwa nini hakuamka na wenziwe Alfajiri. Yuko mwenye mtoto mchanga anayelia saa nane za usiku, na kilio hicho kinamsumbua yeye zaidi kuliko kinavyowasumbua wengine. Yuko ambaye mumewe anafanya kazi Muscat au London, na simu yake huingia usiku mkubwa baada ya zamu.

Na yuko mmoja ambaye hana maradhi wala udhuru wowote. Amezaliwa katika nyumba ya watu kumi na mbili, akalala na dada zake, akalala na bibi yake, akaenda dahalia, akaolewa, akalala na mume na watoto. Hajawahi kulala chumba peke yake hata usiku mmoja katika maisha yake. Anataka azime taa anapotaka yeye, asali rakaa zake mbili bila ya kumwamsha mtu, alie kama ana la kulilia, alale. Huyu naye ana haki, na mimi namwona ana haki sawa na wale wengine.

Ukimdai mtu sababu, unampa njia mbili tu: aseme uongo, au ajifunue. Zote mbili ni mbaya, na wewe ndiye uliyempeleka huko. Siri ya mtungi aijuaye kata. Muulize anataka nini, usimuulize kwa nini.

Asiyeweza kulala peke yake si mtoto

Sasa tugeuke upande wa pili, kwa sababu nao wanachekwa. Kuna wanawake watu wazima, wenye wajukuu, ambao hawawezi kulala chumba peke yao ugenini. Na kisiwa chetu kinajua hofu ya usiku. Waliokuwapo mwaka 1995 wanakumbuka hofu ya Popobawa ilipoenea Pemba na Unguja, watu wakatoka majumbani wakalala nje kwa makundi, moto umewashwa na Qur'ani inasomwa. Mtu aliyekuwa msichana mdogo wakati ule leo ni mama wa makamo. Usimcheke akikwambia hapendi chumba cha mwisho kilichoelekea shambani.

Hofu ina dawa yake. Ayatul Kursi kabla ya kulala, na kusoma Ikhlas, Falaq na Nas kisha kupuliza viganjani na kujipangusa, kama alivyokuwa akifanya Mtume, sala na amani zimshukie. Lakini mwenzako wa karibu naye ni sehemu ya dawa. Katika Musnad ya Imam Ahmad kuna mapokezi ya Ibn Umar ya kukataza mtu kulala peke yake na kusafiri peke yake, na katika Bukhari kuna onyo juu ya msafiri kwenda usiku peke yake. Wanazuoni wameyaeleza mafundisho hayo kwa njia mbalimbali, na chumba kimoja katika nyumba iliyojaa wenzako si jangwa. Lakini maana yake tunaielewa: usimwache mtu upweke pasipo haja.

Kwa hiyo hata anayechagua chumba chake asiachwe pembezoni. Chumba chake kiwe baina ya vyumba vya wenziwe. Komeo la mlango lijaribiwe kabla ya magharibi. Simu iwe na chaji. Na kama ana sukari, au presha, au ni mjamzito, mtu mmoja anayemwamini ajue, ajue na dawa iko wapi. Mtu mmoja anatosha. Si lazima kundi zima lijue.

Pesa, na yule anayebaki

Najua mwandalizi wa safari ananisikiliza huku anapiga hesabu. Tuseme chumba ni shilingi 80,000. Wakilala wawili ni 40,000 kila mmoja. Akilala mmoja ni 80,000 yote. Nani analipa?

Aliyechagua mwenyewe kulala peke yake alipe tofauti, na aambiwe kiasi gani siku ya kwanza, si siku ya kufika. Hiyo ni haki na hakuna anayelalamika akijua mapema.

Lakini kuna hesabu moja ambayo makundi mengi huikosea. Watu saba wakigawiwa wawili wawili, mmoja anabaki. Huyo hakuomba chumba chake. Kabaki kwa hesabu tu, na mara nyingi ni yule mgeni kundini ambaye hakuna aliyemchagua. Kumlipisha mara mbili ni dhulma ndogo inayouma sana, kwa sababu ameshaumia kwa kutochaguliwa. Tofauti hiyo igawiwe kwa wote saba. Katika mfano wetu, kwa vyumba vinne jumla ni 320,000, kila mtu atatoa kama 45,700. Hakuna atakayefilisika kwa shilingi elfu tano na mia saba, na kuna mtu mmoja atakayelala bila ya kinyongo.

Na yule mwenye haja ya chumba chake lakini hana uwezo? Kundi lililozoea kucheza kibati halishindwi kuweka kisanduku kidogo. Kila mmoja anatia alichojaaliwa, na kinakaa kwa mtu mmoja mwenye amana. Mwenye haja anamwambia huyo peke yake, na huyo hasemi. Sadaka ya siri tunaijua, tuifanye na hapa.

"Mnavunja udugu"

Hoja kubwa dhidi yangu ni hii: safari ni kwa ajili ya udugu, na mwenye kujifungia chumbani kwake amekuja kufanya nini? Naiheshimu hoja hiyo. Usiku wa maongezi una utamu wake. Kuna dada waliokuwa hawajuani jina, wakalala chumba kimoja, na leo wanazikana.

Lakini udugu haukai kitandani. Unakaa kwenye sinia moja la wali, kwenye Sala ya jamaa barazani, kwenye mwenye mkono mwepesi anayekaa na mwenye mkono mzito mpaka kiua kikatoka sawa. Hivyo vyote hufanyika mlango ukiwa wazi. Allah ametwambia katika Surat An-Naba kwamba usingizi ni mapumziko na usiku ni vazi. Vazi huvaliwa na mtu mmoja.

Na inapokewa kwamba Sayyidna Umar, Allah amridhie, alipomsikia mtu anamsifu mwenzake alimuuliza kama amewahi kusafiri naye. Safari humtoa mtu alivyo. Kwa hiyo safari ni mtihani tayari. Hatuna haja ya kuuongezea uzito kwa kuwafungia pamoja watu ambao hawakukubali. Ukimlazimisha mtu alale na mwenzake ili wapendane, mara nyingi watarudi mjini hawasemi.

Waliokubali kulala pamoja nao wana adabu zao, na ni vizuri wazizungumze dakika tano za mwanzo kabla ya kufungua mabegi. Taa inazimwa saa ngapi. Feni au kiyoyozi kiwe vipi. Nani anaamka kwa tahajjud, na simu yake italia au itatikisika tu. Kubadilisha nguo ni bafuni, au mwenzako ageuke. Simu ya video haipokelewi chumbani. Picha chumbani hazipigwi kabisa, hata ya kitanda, hata ya viatu. Na lililosikika usiku halitoki asubuhi. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Neno kwa bi harusi

Wewe unayeolewa karibuni nina mawili ya kukwambia.

La kwanza, safari ya mwisho na wenzako kabla ya kuwekwa ndani ni tamu, na wenzako watataka mlale wote chumba kimoja mzungumze mpaka usiku mkubwa. Kama unapenda, lala nao. Kama hupendi, sema. Sema kwa upole na bila ya kueleza sana: "Nawapenda, nitakaa nanyi mpaka saa nne, kisha nakwenda kulala chumbani kwangu." Jifunze kuitamka sentensi kama hiyo sasa. Unakwenda kuishi chumba kimoja na mtu ambaye hujawahi kulala naye nyumba moja. Huko utahitaji kusema taa inakusumbua, unaamka mapema, hupendi kiyoyozi. Msichana ambaye hajawahi kusema anachotaka mbele ya shoga zake, atakiona kizito mbele ya mume. Na utahitaji kumsikiliza naye akisema, bila ya kununa. Yote mawili yanajifunzwa kwa wanawake wenzako, na kwa bei nafuu.

La pili ni kwa safari ya baada ya harusi. Utakuja tena kushona, wiki kadhaa baadaye, piko ikiwa bado haijafutika miguuni. Usiku, taa zimezimwa, utaulizwa. Wataanza kwa mzaha. Kumbuka kwamba katika Sahihi Muslim kuna onyo kali kwa mume na mke wanaofikiana kisha mmoja akaeneza siri ya mwenziwe. Giza la chumba cha pamoja linalegeza ulimi. Ukijijua kwamba huwezi kukataa maswali, hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuchukua chumba chako. Na kama una tatizo la kweli, maumivu au hofu, mtafute somo wako au daktari, mchana, peke yenu. Usilitatulie kwenye kundi la watu sita usiku.

Na kabla ya yote, nyumbani wajue. Masuala ya ruhusa na mahram yana mlango wake na kila mmoja ayamalize na wahusika wake. Ila mume au baba akiuliza mtalala wapi na na nani, awe na jibu kamili: jina la nyumba, idadi ya vyumba, mwenzako wa chumbani ni nani. Waume wengi hawakatai safari. Wanakataa kutojua.

Kwa waandalizi

Sina ombi kubwa. Katika ujumbe wa kwanza kabisa wa safari, pamoja na tarehe na mchango, ongeza maswali matatu. Unapenda kulala na mwenzako au peke yako? Kama ni na mwenzako, yuko unayemtaka? Kuna jambo la afya ambalo mtu mmoja tu anapaswa kulijua? Majibu yaje kwako binafsi, yasijibiwe kundini. Kisha piga simu nyumba ya wageni uulize vitanda, si vyumba. Vitanda viwili mbalimbali, vyandarua viwili, mashuka mawili. Wakisema wana kitanda kimoja kikubwa tu, waombe godoro la ziada au tafuta nyumba nyingine. Na orodha ya vyumba itoke siku mbili kabla ya safari, ili mwenye la kusema aseme akiwa bado kwao.

Kazi hiyo haizidi nusu saa. Badala yake yule mama mwenye plastiki ya kutandika atakuja. Mwenye mtoto mchanga atakuja. Aliyelala na watu maisha yake yote atapata usiku wake mmoja. Na anayeogopa giza atakuwa na mwenzake ambaye amekubali kwa moyo wake.

Allah atusitiri duniani na akhera, atusitiri sisi na tuwasitiri wenzetu, awape maharusi wetu nyumba za upendo na rehema, na atie baraka katika kazi za mikono yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.